Unga Mweupe, Kabati Jekundu

Krr, krr, krr. Kabla hakujapambazuka, kitu kilikuwa kikitafuna ndani ya mguu wa kitanda cha Sukari. Mwingine angelaani. Sukari, ambaye mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake mtamu, aliwasha taa, akaona unga mweupe sakafuni, akacheka peke yake. Dumuzi, wadudu wala mbao, wamemletea riziki! Akaukusanya unga kwenye kiberiti kitupu, akavaa koti jeupe la kitaalamu na kutoka.

Saa nne alikuwa sebuleni kwa mjane wa seremala, akijiita mtaalamu wa wadudu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Bibi aliliona hilo. Aliona pia jicho lake lilivyoganda kwenye kabati la mninga, ambalo marehemu alilichonga kwa miezi minane kabla ya harusi yao.

Bibi alipokwenda kuleta maji ya kunywa, Sukari alinyunyiza unga chini ya kabati. Bibi aliporudi alimkuta amepiga magoti, mikono kichwani kama mfiwa.

“Kabati limekwisha, bibi. Nitalibeba nikalichome, bure, kabla dumuzi hawajala nyumba nzima.”

Bibi akausugua unga kati ya vidole. Mweupe. Mninga ule ulikuwa mwekundu hadi ndani, na yeye alifagia karakana ya mumewe miaka arobaini. Alishukuru tu kupata mtaalamu, akamwomba atazame vitanda kwanza, maana huko ndiko anakosikia kelele.

Mtaalamu atakataaje wadudu? Akapewa chupa ya dawa na bomba la sindano. Tundu linalotoa unga mpya, bibi alimwelekeza, litie tone. Lililo jeusi na kavu liache, mdudu wake alishahama. Vitanda vinne, meza, fremu za madirisha. Koti jeupe likawa la kahawia. Kitanda alicholalia kitukuu mchanga alikiinua taratibu mno, mtoto hakugeuka hata ubavu. Bibi aliliona na hilo.

Jioni, mgongo ukimuuma, Sukari akalikumbatia kabati.

“Sasa nilibebe hili.”

“Hilo liache, mjukuu wangu. Likitobolewa linatoa unga mwekundu. Huu mweupe umekuja nao mfukoni.”

Sukari aliutazama mlango, akaona viatu vyake vimepanguswa vumbi na kupangwa vizuri. Mezani palikuwa na sahani ya chakula cha moto. Mtu atakimbiaje hapo? Akaketi, akala, akaomba radhi mdomo umejaa.

Bibi akamsindikiza hadi barabarani.

“Una mkono mtulivu kuliko mafundi wote waliowahi kuja hapa,” akamwambia. “Njoo tena Jumamosi. Boriti za jikoni hatujazigusa, na mimi nitapika mapema.”