Magari Mawili ya Wagonjwa wa Muyuni

Inatangazwa kwa heshima kuwa mwaka 1954 Kamati ya Kulinganisha Magari Makuukuu, ambayo mimi ni katibu wake, ilitimiza wajibu wake bila ya kasoro. Wanaosema vingine wana choyo.

Watu wa Muyuni waliomba gari moja la kupelekea wagonjwa hospitali ya mjini. Waja wazito wao walikuwa wakibebwa vitandani, wengine wakafia njiani, na Sichana, mke wa Pandu mkulima, alikuwa amebakiwa na siku chache ajifungue. Serikali, kwa huruma zake, ikatoa magari mawili yaliyokwishatumika, ili sisi tuchague moja.

Tuliyaendesha kutoka Mlandege, mjini, mpaka Muyuni. Jeusi lilikuwa na mbio, lakini lilikunywa petroli kama mtu anayefuturu. La kijani lilibana matumizi na breki zake zilishika, ila kila kilima lilikipanda kwa kukohoa. Mwenyekiti wetu, Bwana Mmanga, akaamuru tupime hadhi. Ndani ya la kijani tarabushi lake liligusa paa. Honi ya jeusi ilitawanya mbuzi wa kijiji kizima. Bi Mwanakheri, mkunga wa pale, akauliza mja mzito ataweza kujinyoosha ndani ya lipi. Nilimwelewesha kwa upole kuwa swali hilo halimo katika vipimo.

Bwana Mmanga akaitia muhuri wa lakiri milango ya magari yote mawili. Ni marufuku kuyagusa, akasema, mpaka wajumbe wote watie saini. Mjumbe mmoja alikuwa Makka, anahiji.

Bwana Mmanga akarudi kinyumenyume kuitazama lakiri yake kwa raha, akaanguka shimoni, mguu ukavunjika.

"Nipakieni garini," akaguna.

"Lipi, Bwana? Kamati haijaamua."

Alinijibu maneno ambayo sikuyaandika. Nikamkumbusha kuwa kuvunja lakiri ni kesi, na amri ni yake mwenyewe.

Basi Pandu na wenzake wakamlaza kitandani, wakamfunika shuka gubigubi kwa ajili ya jua, wakashika njia. Kwa maumivu akazimia. Na kwetu anayekutana na jeneza hutoa bega, apate thawabu. Watu wakatupa majembe, wakagombea miguu ya kitanda huku wakileta shahada. Pandu na wenzake, waliokwishapokewa, wakabaki nyuma wakihema. Mimi sikuona busara kuingilia ibada.

Bwana Mmanga alizindukana kijiji cha Kitogani, uani mwa msikiti, watu wamesimama safu kumsalia. Akaitupa shuka. Safu ya mbele ikaruka ukuta.

Pandu alipofika, akamkuta anafoka kuwa amedhalilishwa, atafutiwe chombo kinachomfaa mtu wa cheo chake.

"Jeneza la msikiti lipo, Bwana," Pandu akamwambia kwa adabu. "Nalo lishatumika, kama gari zenu. Tulinganishe?"

Bwana Mmanga aliliangalia jeneza. Kisha akaomba kalamu, akatia saini kwa niaba ya wajumbe wote, pamoja na yule wa Makka, kuwa lakiri zivunjwe na Muyuni wapewe magari yote mawili.