Pazia la Baraza ya Vijana

Kwa Dada Muuguzi Mkuu wa Zahanati,

Salamu nyingi katika jina la Mwenyezi Mungu. U hali gani, na mgongo umeachia? Mimi mzima, ila macho na cherehani vinazeeka pamoja.

Dada yangu, nina malalamiko. Mimi ndiye fundi cherehani wa mkabala nawe, niliyekushonea pazia la baraza ya vijana, pale wanapoingilia geti la nyuma linalotazama duka langu, kusubiri kupimwa virusi vya UKIMWI na kuchukua kondomu. Umeniletea ujumbe kwamba ni fupi, nilirefushe. Si kosa la futi. Nililikata liishie magotini makusudi, na sababu ninazo:

1. Uso sioni, lakini pindo nililoshona mwenyewe silikosei. Wiki ya kwanza niliwatambua saba, nikawaombea mbele ya kina mama wenzangu wa sala, kila mmoja kwa jina lake. Ombi lenye jina halipotei njiani.

2. Tangu hapo haji mtu. Wewe unasema wanaogopa. Mimi nasema wameongoka. Na asiyepimwa, ugonjwa ataupata wapi? Kwani nguo usiyoijaribu imewahi kukubana?

3. Unawafundisha kinga. Mimi binti yangu nimemlea kwa kinga moja tu: kutomwambia kitu. Ana miaka kumi na tisa. Siku aliponiuliza virusi vinaambukizwaje, nilimpa vifungo arobaini avishone. Hajauliza tena, ashukuriwe Mungu.

4. Kwa hiyo naomba pazia liondolewe kabisa, na benchi lao lihamie mbele ya duka langu, kwenye mwanga mzuri. Majina nitaandika mwenyewe, sitaki asante.

Wasalimie wauguzi wote, mtu wa dawa, na mlinzi wa getini na kikohozi chake. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako katika imani,
Fundi wa Mkabala

Nyongeza: Nilikuwa naikunja barua hii, nikaona chini ya pazia pindo la sketi ya bluu. Lile nililishona kwa mkono, binti yangu alipomaliza shule. Miguu ilisimama kidogo, ikageukia upande wa duka langu, kisha ikaondoka mbio. Dada, sijui alikuja kuuliza nini, wala ameanza lini kutaka kuuliza. Kitambaa nimeshakata, leo hii pazia litagusa sakafu. Kesho na keshokutwa nafunga duka. Akirudi, mpokee, mjibu yote niliyomnyima, na mimi usiniambie neno. Niandikie tu, upesi, kama pazia limetosha.