Shamba la Mikorosho Limeandikwa Jina la Dada Yangu

Tangini, Kibaha
Jumatano

Ndugu Mhariri,

Jina la dada yangu mkubwa, Mwanaamina, ndilo jina pekee lililoandikwa kwenye fomu ya maombi ya hati ya kimila ya shamba letu la mikorosho, ekari sita, huko Kisarawe. Hayo ameyasema leo saa tatu na robo asubuhi mtendaji wa kijiji, Bi. Margareth, nilipompigia simu. Nilimuuliza langu liko wapi. Akajibu, "Mzee wangu, nimesoma mara mbili. Halipo."

Wazazi wetu ni marehemu. Tulizaliwa wawili, na wa kiume ni mimi. Nimekwishamwahidi jirani yangu Tito ekari mbili za shamba hilo ajenge mabanda ya kuku. Ni kweli kwamba kwenye ekari hizo ndipo ilipo nyumba anayoishi Mwanaamina, lakini hilo ni la kuzungumza tu.

Sina ugomvi na wanawake. Ugomvi wangu ni na semina, na nauweka hapa kwa namba ili usipotee.

1. Semina ya jinsia ilifanyika hapa Tangini kwa siku mbili. Mwanaamina alifikia kwangu, nami nikamsindikiza kwa ajili ya usalama wake, na kwa sababu kulikuwa na pilau. Mwezeshaji, Bi. Bertha, alifundisha kwamba jinsi mtu huzaliwa nayo, lakini jinsia ni yale tunayofundishana kuhusu mwanamume awe vipi na mwanamke awe vipi. Akagawa kadi tuzibandike ukutani. "Kunyonyesha" niliipatia. "Kurithi shamba" nikaibandika kwenye mambo ya kuzaliwa nayo. Bi. Bertha akauliza mbele ya ukumbi, "Mzee Hemedi, tusaidie. Ni kiungo gani cha mwili kinachorithi?" Washiriki tulikuwa thelathini na wanane. Waliocheka walikuwa thelathini na saba.

2. Siku hiyohiyo tulitakiwa kuandika tunavyojitambua kuwa wanaume au wanawake bila kutaja mali wala cheo. Niliandika, "Nina shamba." Nikafuta. Nikaandika, "Nilikuwa mwandishi mwandamizi." Nikafuta. Muda ulipokwisha nilikuwa nimebaki na "Nina masharubu." Mwalimu anayemvua mtu mzima hadi masharubu hana nia njema.

3. Siku ya pili tulichora saa ya kazi zetu za kutwa. Ya Mwanaamina ilianza saa kumi alfajiri na haikuwa na nafasi tupu. Yangu ilikuwa na taarifa ya habari mara nne, na Bi. Bertha akaiweka kwenye mapumziko. Nilipinga. Mwanaamina akasema kwa sauti, "Mdogo wangu, mwaka jana ulifika shambani, ukasimama chini ya mkorosho, ukauliza huu ni mti gani." Nilikuwa nahakiki.

4. Sasa tuje kwenye mila, ambayo semina haikuigusa. Babu alimwachia baba shamba, baba akaniachia mimi. Hiyo ndiyo mila ya kwetu, na mila haibadilishwi na kadi za kubandika ukutani. Dada amelima pale miaka ishirini na sita, amepanda, amepalilia, ameokota korosho. Huo ni ushahidi kwamba amelifaidi vya kutosha. Mimi katika muda huo nimefika mara nne, tatu zikiwa za misiba. Kwa hesabu ya haki, aliyebakiza faida zake zote ni mimi.

5. Hatari kwa taifa haijaonekana bado. Mwanamke akiwa na hati, atakuja kwenye vikao vya ardhi. Akija, ataomba vikao vianze kwa wakati, maana ana kazi nyumbani. Vikianza kwa wakati vitakwisha saa sita. Maelfu ya wanaume watarudi nyumbani mchana kweupe, wakiwa na nguvu zao zote, na wataulizwa maji ameteka nani.

Kwa hiyo naomba gazeti lako litoe barua hii kabla ya Jumamosi, ili kijiji kiandike jina langu peke yake. Mwanaamina apewe cheti cha kumshukuru, kikubwa, chenye fremu, na aendelee kupalilia.

Nisalimie chumba kizima cha habari: Melkiori wa michezo, Wema wa mapokezi, na yeyote aliyebaki anayenikumbuka.

Ni mimi niliyeonewa kwa kufuata utaratibu,
Hemedi Kondo
Mwandishi wa habari mstaafu

Nyongeza: Kabla ya kutuma, nilipitia barua kama nilivyozoea kupitia habari, nikaona chanzo pekee cha hoja ya nne ni mimi. Nikampigia mama mdogo Zuleha, mwenye miaka themanini na moja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza babu alimwachiaje baba lile shamba.

"Babu yako yupi?" akasema. "Baba yako alikuja kuoa hapa na redio na baiskeli ya kuazima. Shamba la mama yako. Mama yako kapewa na mama yake, na bibi yako kapewa na mama yake. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, mwanangu. Miaka yote hiyo unauliza habari za watu, za kwenu hukuuliza?"

Nilimuuliza kama nina fungu.

"Unalo. La kula korosho."

Hoja zote tano zifutwe. Ikiwa barua imekwishachapwa, sahihisho liwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Tito nimemwarifu atafute kwingine. Kamati ya ardhi itahakiki mipaka Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mwanaamina amenipangia kufyeka upande wa mashariki, na panga nije nalo mwenyewe.