Profesa Aubin na Shule ya Gestion ya Katindo

Aubin Buhendwa alishuka Goma kutoka kwenye meli ya Bukavu akiwa na sanduku moja, abacost moja, ile suti isiyo na tai, na sababu nzuri ya kutorudi Bukavu upesi. Huko alikuwa ameuza dawa ya kuotesha nywele, naye mwenyewe kichwa chake kiling'aa kama sahani iliyooshwa.

"Watu wa Bukavu wana imani kubwa," alizoea kusema. "Waliona kipara changu na wakanunua hata hivyo. Mimi ningejikataa mlangoni."

Njaa ikampeleka soko la Kituku. Akanunua samaki wa kukaanga, na mama muuzaji akamfungia katika ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha Kifaransa. Alipomaliza samaki, Aubin akasoma karatasi, kwa kuwa mjanja hatupi kitu. Ulikuwa ukurasa juu ya kusimamia duka. Nusu hakuielewa, na nusu ya pili ilikuwa mafuta matupu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Serikali ilikuwa imewanyang'anya wageni maduka yao na kuwagawia raia wa Zaïre. Waliogawiwa waliitwa acquéreur, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuuza hata kitunguu. Mmoja wao, Papa Zéphirin, mfugaji wa Masisi aliyepewa duka la Mgiriki, alikuwa amekaa kwenye jiwe la karibu akimlilia muuza samaki.

"Duka ilikuwa imejaa, mama. Vitenge, sukari, misumari. Nimeuzisha vyote, tumekula vizuri. Sasa nangojea etajeri za vitu zijae tena, na hazijae! Yule Mugiriki alikuwa na dawa gani?"

Neno dawa lilimwamsha Aubin. Lakini alikuwa ameapa kuachana na dawa. Akainua ile karatasi.

"Muzee, ile haiko dawa. Inaitwa gestion, kusimamia duka. Watu wanaisomea."

"Wanaisomea wapi?"

"Kwangu," alijibu Aubin, ambaye hata mahali pa kulala alikuwa bado hajapata. Jibu lilimshangaza yeye kuliko Papa Zéphirin. Mzee alipoondoka na furaha yake, Aubin aligeuka haraka akanunua kitabu kilichobaki, kabla wateja wengine hawajakila.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Institut Supérieur ya Gestion ya Wananchi, katika depo ya zamani ya kahawa kule Katindo, ukuta kwa ukuta na kambi ya wanajeshi. Shule haikuwa na kengele, basi tarumbeta ya kambi ilipolia kwa askari kula, darasa lilianza. Ada ililipwa ya mwaka mzima, yote mkononi, siku ya kujiandikisha. Mji wetu, ambao unabishana na muuza nyanya mpaka nyanya ioze, ulilipa bila kubishana. Kwenye ubao wa mlangoni palikuwa na neno *supérieur*, yaani ya juu, na mbele ya neno kama hilo sisi huwa tunavua kofia.

Mpango wa Aubin ulikuwa mfupi: afundishe majuma mawili, sanduku lijae, kisha apande meli.

Kilichomharibia mpango ni adabu. Siku ya kwanza alipoingia darasani, wote walisimama wakasema kwa sauti moja, "Bonjour, Profesa!" Katika maisha yake yote, watu walikuwa wakisimama kwa ajili ya Aubin ili kumkimbiza tu. Alijishika mezani. Macho yakamlowa. Akasema ni vumbi la volkano.

Juma la pili likapita, na la tatu. Kila meli ilipopiga honi, alijiambia ataondoka na ile ijayo, maana kesho kulikuwa na somo la bei na hakuna mwingine wa kulifundisha. Alikisoma kitabu chake kwa bidii ya padri kijana, na pale kurasa zilipokuwa zimeondoka na samaki, alijazia kwa akili yake.

"Papa Zéphirin," aliuliza siku moja, "mutu mwenye ng'ombe akizichinja zote mwaka huu, mwaka kesho atakamua nini?"

Mzee alifungua mdomo ili acheke swali la kitoto. Mdomo ukabaki wazi. Akasimama polepole.

"Kumbe nimechinja duka!" akapiga kelele. "Eh, bandugu! Nimeichinja na maziwa ndani!"

Juma lile aliuza ng'ombe wawili, akajaza etajeri zake, na faida ya kwanza akaileta darasani kuionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Aubin alifurahi, kisha akajiogopa. "Angalia mwizi gani huyu," alijisema akijinyoa. "Ameiba mpaka kazi ya kweli."

Aliyemsumbua darasani alikuwa Mama Marcelline, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo. Alikuwa mama mpole, mwenye rozari shingoni, asiyependa swali libaki bila jibu.

"Profesa, serikali inatujua?"

"Itatujua, mama."

"Na ile diplome yetu, muhuri itatoka wapi?"

"Kinshasa," alisema Aubin, na kuanzia siku hiyo usingizi ukamkimbia. Maana sasa alitaka muhuri ule kuliko wanafunzi wake walivyoutaka.

Mungu husikia maombi ya kila namna. Asubuhi moja aliingia bwana mwenye abacost mpya na miwani myeusi, akichanganya Kifaransa na Lingala kama watu wakubwa wanavyofanya.

"Citoyen directeur? Mimi ni inspecteur, mkaguzi wa shule. Agrément, kibali ya shule yako, iko wapi?"

Siku nyingine Aubin angemjua kabla hajakaa. Macho yake yaliona kwamba viatu vya inspecteur vilikuwa vikubwa kuliko miguu yake. Lakini sikio lilikuwa limeshika neno *directeur*, mkuu wa shule, na halikutaka kuliachia.

"Shule ni nzuri," inspecteur aliendelea, akitembea kati ya mabenchi. "Ni huzuni kuifunga. Kuna njia ya kuitambulisha Kinshasa, lakini njia ina gharama."

"Kiasi gani, citoyen inspecteur?"

Yule bwana akatazama sanduku chini ya meza. "Kiasi kilichomo humo."

Aubin alilitoa mwenyewe, akalipangusa vumbi, akasema aksanti. Akapewa karatasi yenye chui wa serikali aliyepigwa muhuri mwekundu. Alitembea nayo moja kwa moja hadi ofisi ya elimu ili iandikishwe. Wafanyakazi wa pale waliisoma, wakaitana, wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Inspecteur wa jina lile hakuwahi kuwepo, na chui yule alifanana zaidi na mbuzi.

Aubin alikaa nje juu ya mawe meusi. Alitaka kulia, lakini kilichotoka ni kicheko.

"Mimi!" alisema peke yake, watu wakipita mbali naye. "Mimi niliyeuzia Bukavu nywele! Nimeuziwa mbuzi!"

Hakuwa na nauli ya meli wala ya kitu kingine. Tarumbeta ya kambi ikalia. Akaenda darasani, akangoja wakae, akasema:

"Bandugu, pesa zenu zimekwisha kuibiwa. Na mwizi wa kwanza ni mimi. Sina diplome. Sijawahi kuwa profesa hata ya mbuzi. Masoda wako hapo nyuma ya ukuta, mukitaka kuwaita, iteni."

Hakuna aliyeshtuka. Mama Marcelline alijifunga kitenge vizuri.

"Pesa iko kwangu, Profesa, usipande nayo meli. Yule inspecteur ni Paulin, bwana ya mudogo wangu. Ni katekista kule Beni. Maskini, tangu asubuhi anafunga na kusali juu ya uongo aliyosema."

"Tulibishana," akaongeza Papa Zéphirin. "Mimi nilisema tukupeleke kwa masoda. Mama akasema: na gestion tutasoma kwa nani?"

"Basi utamaliza mwaka," Mama Marcelline alisema. "Kila Samedi nitakulipa kidogo kidogo, kutoka mule mule ndani ya sanduku."

Aubin akauliza: "Mulijua tangu lini?"

"Tangu juma ya kwanza," mama alijibu. "Ulikuwa unakuja kila siku! Mwalimu ya kweli, serikali haimulipe, naye haji."

Darasa zima likacheka, naye akacheka kuliko wote, kisha akachukua chaki kwa sababu somo la hasara lilikuwa linamngoja.

Akafundisha, akalipwa kila Jumamosi bila kuchelewa, jambo ambalo katika Zaïre ile lilikuwa geni kuliko volkano. Habari zikaenea. Kabla mwaka haujaisha, walimu waliosoma kweli walianza kubisha mlango wa depo, jasho usoni, wakiomba kazi. Profesa Aubin aliwapokea kwa heshima, akaomba diplome zao, akaziinua juani na kuziangalia kwa muda mrefu sana, mbele na nyuma.

"Musinikasirikie, bandugu," aliwaambia. "Wadanganyifu wamekuwa wengi katika mji huu."