Picha Yenye Mawe

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nimekubaliwa! Maonyesho ya "Marejeo", hapa hapa Ilemela. Gladness, mwandaaji, anataka tuchore maisha yanavyozunguka: kuzaliwa, kukumbuka, kurudi. Picha itakayowagusa wageni zaidi itapelekwa Dodoma. Ni yangu. Nimemchora babu Ndalahwa ameketi juu ya mawe, yai mkono huu, jogoo mkono ule. Mzunguko wote umo. Gladness akauliza kwa nini babu kanyolewa kiduku. Miaka yote nachora mabango ya saluni, mkono umezoea.

Jumatano, 13 Agosti
Selina naye yumo. Selina niliyemfundisha mimi kushika brashi! Kapewa ukuta unaotazama mlango. Mimi nimewekwa karibu na choo. Nilimweleza kwa upole kwamba pale mlangoni jua litamharibia rangi, kwa hiyo tubadilishane, namwonea huruma tu. Akanishukuru sana, akatundika pazia. Sikati tamaa.

Alhamisi, 14 Agosti
Dawa imepatikana. Watu hulia wakimwona mwenzao analia. Na shangazi Suzana wa Buhongwa akiangua kilio msibani, hata mpita njia hushuka kwenye baiskeli. Nimempigia simu, nikamwamkia mara mbili. Akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, ni kulilia picha tu, na pilau litakuwepo. Akakubali. Akataka kujua ataitambuaje picha yangu. Nikamwambia ni ile yenye mawe.

Jumamosi, 16 Agosti
Nilisahau tuko Mwanza, mji wa mawe. Picha zote zina mawe.

Shangazi hakufika hata karibu na choo. Alisimama pale mlangoni, mbele ya picha ya Selina: mtoto wa kike juu ya jiwe, kajifunga kanga ya mtu mzima, chini pameandikwa "Amepewa jina la bibi yake". Shangazi akapiga goti, akamwamkia mtoto wa kwenye picha: shikamoo, mama. Kwetu mtoto akipewa jina la bibi, basi ndiye bibi mwenyewe, amerudi. Kisha akalia. Si kile kilio chake cha msibani nilichokiagiza. Alilia polepole, akimwomba mama yake msamaha kwamba siku ya mazishi alikuwa mbali, hakuwahi kumuaga. Mzee Mahesh wa duka la vitambaa akatoa leso. Gladness naye akafuta machozi.

Nikamnong'oneza shangazi kwamba siyo hiyo. Akanivuta kifuani, akasema nilie tu, mwanangu, maana alikuwa bibi yangu pia. Nikalia kweli. Ulikuwa wivu, ila kwa mbali haujulikani.

Selina anakwenda Dodoma.

Jumapili, 17 Agosti
Shangazi kalala kwangu Kiseke. Tangu asubuhi ananisimulia habari za bibi: alivyopepeta mpunga akiimba, alivyocheka huku kaziba mdomo kwa kanga, alivyoniita mume wake nikiwa mchanga. Anasema nichukue karatasi nimchore sasa hivi, kabla yeye hajasahau.

Huu si wakati wa hadithi. Kosa nimeshaligundua: kwa maonyesho yajayo, mliaji mmoja hatoshi. Nimemwomba shangazi kwa heshima zote anyamaze kidogo, kwa sababu nilikuwa kwenye simu na mjomba Shimba, namuuliza kama naye anaweza kulia.