Kikomo cha Mishahara na Kazi ya Kuonja Pilau

Jumatatu, 2 Februari 2026

Leo nimetimiza mwaka mmoja nikiwa meneja wa Nyota ya Liverpool. Ni Liverpool hii ya kwetu Sydney, ya kupanda treni na kushuka. Ndugu zangu Tanga wanadhani ni ile ya Uingereza. Sijaona sababu ya kuwasumbua.

Kisha pigo! Aimé, mshambuliaji wetu, kaja na ofa mkononi. Hussam, meneja wa timu ya Penrith, anamwongezea dola mia tatu kwa wiki. Hussam! Aliyekula sahani tatu harusini kwangu! Aimé anasema hataki kuondoka, ila mkewe, Généreuse, amejifungua mapacha, na mshahara wake wa kazi ya kutunza wazee hautoshi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, meneja wake yupo. Wasiwasi ukamzidi.

Shida ni kikomo cha mishahara. Kanuni ya ligi: klabu isilipe wachezaji wake wote kwa pamoja zaidi ya dola elfu tatu kwa wiki, ili matajiri wasinunue kila mwenye miguu. Sisi tuko elfu tatu kamili. Kumwongeza mmoja ni kumpunguza mwingine. Usajili unafungwa Ijumaa.

Jumanne, 3 Februari

Nimeanza na golikipa, Gratien. Nikamweleza kwa upole kwamba kukubali nusu mshahara ni heshima kubwa. Alisikiliza vizuri sana. Akauliza nataka alinde nusu ipi ya goli, ya kulia au ya kushoto.

Mpango umeahirishwa.

Jumatano, 4 Februari

Nimepata! Kikomo ni cha mpira. Pilau haimo! Mke wangu Fawzia ana biashara ya kupikia harusi na maulidi, imesajiliwa kabisa. Nimemwajiri Aimé huko: mwonja pilau, saa moja kwa wiki, dola mia tatu. Barua nimeichapa mwenyewe kwenye karatasi yenye nembo ya Fawzia. Fawzia nitamwambia akipata nafasi.

Aimé akauliza kama ni halali. Nikamjibu kwa kupeleka nakala ofisi ya ligi. Mwenye hila angethubutu?

Alhamisi, 5 Februari

Saa nne asubuhi, hodi. Bi Vanessa, mkaguzi wa ligi. Mama wa Kikongo, mpole mno, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amemwita Aimé pia. Akamwomba aeleze kazi yake ya kuonja pilau.

"Pilau? Hapana, Madame," Aimé akasema. "Mimi nakulaka bugali." Yaani ugali, kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

Fawzia akatoka jikoni kuuliza mwonja gani huyo, maana miaka kumi na tisa anaonja mwenyewe. Nikakohoa kwa muda mrefu.

Bi Vanessa akanifafanulia polepole. Fedha yoyote anayopewa mchezaji kwa sababu ya mpira, hata ipitie kwa mke au kwa shemeji, inahesabiwa ndani ya kikomo. Tungekuwa tumelipa hata senti moja, tungekatwa pointi sita. Hatujalipa, kwa kuwa mwenye biashara hakuwa na habari. Yaani ukimya wangu umeiokoa klabu!

Alipoondoka, Fawzia alisema maneno yasiyohusu klabu. Chakula cha mchana: mkate mkavu.

Aimé aliniuliza taratibu kama ampigie Hussam. Miaka sita yupo nasi, tangu mimi nabeba chupa za maji tu.

Ijumaa, 6 Februari

USHINDI!

Fawzia kasoma kitabu cha kanuni. (Ninacho tangu mwaka jana. Kiko chini ya mguu wa meza.) Ukurasa wa kumi na moja: mchezaji akidumu klabu moja miaka mitano, dola mia tatu za mshahara wake hazihesabiwi kwenye kikomo. Aimé ana sita! Na fedha zenyewe? Fawzia akasema biashara yake itadhamini jezi, waziwazi, kwa risiti. Sharti: nisiguse karatasi zake tena. Nimekubali kwa moyo mkunjufu.

Aimé alisaini zimebaki dakika kumi ofisi ifungwe. Généreuse alilia kwenye simu. Mimi pia macho yaliwasha, vumbi. Nikampigia Hussam kumpa pole. Nimempa pole mara nne.

Jumapili, 8 Februari

Tumewafunga Penrith tatu bila, kwao, kwenye joto la kukaangia mayai! Aimé mabao mawili, kifuani "Mapishi ya Fawzia". Wachezaji wakambeba Fawzia juujuu. Nilisimama karibu nikisubiri zamu yangu. Nadhani walichoka. Hussam akanipa mkono, akasema meneja halisi wa Nyota ni mke wangu. Wivu tu.

Lakini nimeona kitu. Winga wao, Térence, ana mbio za kutisha, na mkataba wake unaisha mwezi huu. Nimeulizia: siku za kazi ni kinyozi. Kinyozi! Klabu ikiwapeleka wachezaji wote ishirini kwake kila wiki, dola ishirini kwa kichwa, nani ataita mshahara? Ni usafi. Barua nimeshaiandika.

Wawili kati yao wana upara. Nao watanyolewa.