Mfereji Uliokamilika kwa Asilimia Mia

Redio ilikuwa haijamaliza taarifa, na Kwanini, fundi viatu, tayari alikuwa amesimama, kiatu cha mteja mkono mmoja, sindano mkono wa pili.

"Rudia! Amesema nini hapo mwisho?"

"Redio si shangazi yako, hairudii," alijibu Betri, mwenye kibanda cha kuchaji simu, akipunguza sauti. "Lakini mimi nimesikia. Ofisi ya mji imezindua msaidizi wa akili mnemba. Anakaa humu kwenye simu. Unauliza chochote, anajibu palepale."

"Hayo nimeyasikia. Mwisho! Mkurugenzi amesema nini mwisho?"

"Amesema kuanzia leo mwananchi hana sababu ya kubaki akijiuliza."

Kwanini aliketi polepole, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeuzwa.

Jina hilo alipewa shuleni na mwalimu aliyechoshwa naye. Lilikuwa tusi, naye akalichukua akaondoka nalo, maana shule haikuendelea kumtaka. Kusoma kwa kweli alijifunza kwenye magazeti ya kujazia viatu ili visipoteze umbo, kwa hiyo anajua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Ila akikiona kitu, hakisahau. Hata wewe ukisema neno leo, mwakani utaulizwa.

"Mnasikia wenyewe?" alisema. "Wametuchukulia kiwanja cha mpira tukanyamaza. Wametuchukulia choo cha soko tukanyamaza. Sasa wanataka na kujiuliza!"

"Ndugu mjumbe, punguza jazba," alisema Mheshimiwa. Huyu hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Alikuwa karani wa ofisi ya ujenzi mpaka alipostaafu, na bado anazungumza kana kwamba kuna mtu pembeni anaandika muhtasari. "Huu ni ufanisi. Zamani kupata jibu moja pale ofisini ulihitaji subira."

"Ulihitaji zaidi ya subira, mzee, na mfuko wako unakumbuka," Betri alimchokoza, kisha akainua simu. "Tumjaribu. Kwa nini mbwa huzungukazunguka kabla ya kulala?"

Swali hilo kijiweni lilikuwa na historia. Liliwahi kuwachukua tangu asubuhi mpaka jua linazama. Watu wawili waliacha kusalimiana, na mmoja alikwenda kulala nje ya geti la jirani ili amchunguze mbwa mwenyewe, akarudi ameumwa. Lakini hata huko kuumwa kulileta mjadala mpya.

Betri alisoma: "'Swali zuri sana! Mbwa wamerithi tabia hii kwa mababu zao wa porini, waliokandamiza majani ili kutengeneza malazi.'"

Betri akaweka simu chini.

"Ndiyo basi?" aliuliza Mama Kahawa kutoka kwenye jiko lake. "Mmemaliza? Hata birika halijachemka!"

"Na hiyo 'swali zuri' ya nini?" Kwanini alifoka. "Mimi nimeuliza maswali maisha yangu yote. Nimechapwa viboko, nimetolewa mkutanoni nimeshikwa kola. Hakuna aliyewahi kuniambia swali langu zuri. Huyu anatafuta kitu kwangu."

"Anakuheshimu tu, kaka."

"Mtu akikuheshimu kabla hajakujua, shika mfuko wako."

Mama Kahawa hakucheka. Alikuwa anavifunga vikombe kwenye kitambaa, kimoja kimoja, huku anatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya paa za maduka. Kwanini alijifanya hamwoni. Huyu ni mke wa marehemu kaka yake, na tangu wamzike, jiko lile na benchi lile ndiyo familia iliyobaki. Kila mvua ikinyesha, maji hushuka barabara nzima, yakafika kwenye mfereji, yakaukataa, yakaingia kwenye jiko la Mama Kahawa. Asubuhi hiyo alikuwa amesema wazi: mvua hii hainikuti. Kesho anakodi mkokoteni, anakwenda kwa binti yake ng'ambo ya mji, akalee wajukuu, kahawa basi.

"Shemeji," alisema Kwanini, "vikombe unavifunga vya nini na sisi bado tunakunywa?"

"Mnakunywa? Mmeketi. Kunywa ni kitu kingine."

"Muulize huyo mwenye majibu yote," Kwanini alimgeukia Betri. "Muulize mfereji wetu unafurikaje kila mvua."

Mheshimiwa alikohoa. "Sioni sababu ya kufufua suala ambalo limeshafungwa."

"Andika, Betri!"

Betri aliandika, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Swali zuri sana! Pole kwa usumbufu. Mfereji wa mtaa wenu umekamilika kwa asilimia mia moja. Mafuriko yanaweza kusababishwa na wananchi kutupa taka, mvua kuzidi kiasi, na uelewa mdogo wa jamii. Je, ungependa nikuandikie shairi kuhusu utunzaji wa mfereji?'"

"Usithubutu!"

"Nimeshabonyeza. Sikiliza:

Mfereji wetu mwanana, unatiririsha maji,
Tuutunze kwa kupendana, wenyeji na wasafiri wahitaji…"

"Vina vimekaa," alisema Mheshimiwa.

"Na mimi hilo shairi nilitandaze wapi," aliuliza Mama Kahawa, "maji yakifika hapa?"

Basi moto ukawaka. Kwanini alivua miwani, dalili kwamba hotuba inakuja, na hotuba yenyewe wote waliijua kwa moyo.

"Nimesema miaka yote: mteremko! Mfereji wameujenga unainamia kule maji yanakotoka! Maji yakiingia yanakutana na mlima! Mtu anayejenga mfereji wa kupanda, huyo si mjinga, huyo amekusudia!"

"Taka," alisema Betri. "Ndani kumejaa mifuko. Bila kuzibua, hata ungeinamia kaburini hausaidii."

"Kitaalamu," Mheshimiwa aliinua kidole, "ni suala la kipenyo."

"Kipenyo cha tumbo la mkandarasi!"

"Mteremko!"

"Taka, nakwambia!"

Mama Kahawa alipiga birika kwa kijiko, wakatulia.

"Mmeuona?"

"Tumeona nini, shemeji?"

"Mfereji. Wewe unajua mteremko wake. Huyu anajua umejaa nini. Mzee anajua mpaka kipenyo. Nani kati yenu ameuona kwa ndani?"

Betri alitazama juu. Kwanini alitazama kiatu.

"Mimi nilihudhuria uzinduzi," alisema Mheshimiwa.

"Ukaona ndani?"

"Niliona utepe."

Kwanini alianza kuchimba kumbukumbu, maana huko ndiko alikokuwa hashindwi. Mfereji ulizinduliwa mara tatu. Mara ya kwanza utepe ulikuwa mwekundu, mkasi haukukata, mgeni rasmi akamalizia kwa meno. Mara ya pili walileta bendi, mpiga tarumbeta akazimia kwa jua. Mara ya tatu waligawa kofia, na kofia hiyo mpaka leo anafutia rangi ya viatu. Yote aliyaona. Lakini shimo? Walizungusha mabati wakasema ni kwa usalama wenu. Mabati yalipoondolewa, vifuniko vya zege vilikuwa vimeshapangwa, vizuri, safu moja hadi mwisho wa mtaa. Watu wakaweka benchi juu yake, na Mama Kahawa akaweka jiko.

Naye, mtu mzima aliyeitwa Kwanini, akaketi palepale miaka yote akibishana kuhusu kitu kilichokuwa chini ya makalio yake.

Aliweka kiatu chini, akasimama.

"Inukeni," alisema.

"Unataka nini?"

"Nimesema inukeni kwenye benchi. Betri, lete mtaimbo."

"Hiyo ni miundombinu!" Mheshimiwa alisimama, ila alisimama haraka kuliko mtu anayekataa. "Kuna taratibu! Kuna kibali!"

Walisogeza benchi, wakasogeza jiko. Mtaimbo uliingia kwenye ufa, Betri akauegemea kwa uzito wake wote, kifuniko kikanyanyuka kwa mlio wa jino linalong'oka. Wakainama wote, vichwa vikagongana.

Udongo.

Si matope wala taka. Udongo mkavu, umetulia, na mzizi mmoja wa nyasi uliopauka kwa kukosa jua. Kwanini aliugusa. Akaukandamiza kwa kisigino. Haukubonyea. Wakafunua cha pili. Udongo. Cha tatu kilitoka bila mtaimbo, maana hakikuwa kimekalia ukuta wowote, kimelazwa tu juu ya udongo.

Betri alianza kucheka mpaka akakaa chini.

"Kaka! Kaka, tafadhali, hebu tueleze tena ile habari ya mteremko!"

"Nyamaza."

"Unapanda au unashuka, kaka?"

"Na zile taka zako ziko wapi?" Kwanini alimrudishia.

"Mheshimiwa, kipenyo vipi? Kinatosha?" Betri alimgeukia mzee.

Mheshimiwa alikuwa ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliye msibani. "Walipiga picha," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyegonga muhuri kwenye zile picha. Picha za utepe."

Betri, machozi bado yanamtoka, aliandika kwenye simu kwamba mfereji haupo, hapa kuna udongo mtupu. Jibu likaja kabla hajapangusa uso: "'Asante kwa taarifa! Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu mfereji upo. Tafadhali hakikisha unaangalia mahali sahihi. Malalamiko yako kuhusu vifuniko vilivyolegea yamepokelewa.'"

"Mashine jinga kabisa hii!"

"Usiitukane," alisema Kwanini, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yenyewe imesoma karatasi walizoipa. Haina macho, haina mtaimbo. Sisi tunavyo, na tumekalia."

Asubuhi iliyofuata, vifuniko vikiwa vimerudishwa na mkokoteni wa Mama Kahawa ukiwa umeshapakiwa jiko na birika, gari la ofisi ya mji lilisimama pale. Kwanini alikuwa na kumbukumbu ya barua zote ambazo mtaa uliandika bila kujibiwa, kwa hiyo aliliangalia gari lile kama mtu anayeangalia ng'ombe akiruka. Alishuka msimamizi mnene, koti la njano, na vibarua wawili wenye mifuko ya saruji.

"Habari za hapa. Tumeambiwa kuna vifuniko vimelegea. Tumekuja kuvikaza."

"Kuvikaza?"

"Kwa saruji. Visiinuke tena."

Betri alifungua mdomo. Kwanini alimkanyaga mguu. Kifuani alikuwa na hotuba kubwa kuliko zote: utepe mwekundu, tarumbeta, kofia, choo cha soko. Ilikuwa imepanda mpaka kooni. Lakini alimtazama msimamizi yule usoni, akaona mtu aliyeshasikia hotuba za mitaa yote na kuzimaliza zote kwa "nimetumwa tu". Kisha akamtazama shemeji yake aliyekuwa anaongea na mwenye mkokoteni. Saruji ikikauka, hakuna atakayeinua tena, na huyu ndiyo hatarudi.

Akaimeza hotuba. Ilimuuma kuliko njaa.

"Karibu, ndugu yangu," alisema. "Kazeni tu. Sisi tunabishana mambo yetu."

"Mnabishana nini?"

"Ah, porojo. Eti chini ya hivyo vifuniko kuna nini. Mimi nasema kuna tatizo la mteremko."

Betri alimwangalia, akaelewa, akashika mbavu zisimsaliti. "Mimi nasema taka."

Wote wawili walimgeukia Mheshimiwa. Mzee alivaa kofia yake, akaivua, akaitazama barabara ya kuelekea ofisi alikofanya kazi umri wake wote.

"Kipenyo," alisema.

"Si ni mfereji tu?" msimamizi aliuliza.

"Ndivyo tunavyosikia."

"Mimi kazi yangu kukaza. Sikutumwa kuangalia."

"Sawa kabisa. Kaza, kaka."

Msimamizi aliwaamuru vibarua wachanganye saruji. Wakachanganya. Alijikuna shingo. Alitazama kifuniko, akawatazama wale watatu waliokuwa wamekunja mikono kama watoto wapole kanisani.

"Kwani mteremko una nini?"

"Hatujui. Labda hauna kitu."

"Na hizo taka, zinanuka?"

"Hapana," alisema Betri. "Ndiyo maana inashangaza."

Saruji ilianza kukauka kwenye koleo. Msimamizi alimpokonya kibarua mtaimbo, akainamia kifuniko cha karibu, akakifunua mwenyewe. Alibaki ameinama muda mrefu. Kisha, bila kuwatazama, akaenda kwenye kinachofuata. Na kinachofuata. Alipofika mbele ya duka la nguo, mwenye duka alitoka. Kinyozi alitoka, na mteja wake akatoka na nusu ya kichwa imenyolewa, kila mmoja anauliza kuna nini, na kila anayeuliza anainama.

"Teremsha jiko," Mama Kahawa alimwambia mwenye mkokoteni.

"Mama, si tumeshafunga kamba?"

"Fungua. Watu wote hawa watasimama hapa bila kahawa? Shemeji, acha kutabasamu ulete maji."

Mwisho wa mtaa, kibarua alimpelekea msimamizi simu. Alikuwa mkubwa wake kutoka ofisini, na sauti ilitoka nje ikasikika na kila mtu: kazi imeisha? Vimekazwa vyote? Picha ziko wapi?

Msimamizi alisimama katikati ya safu ndefu ya vifuniko vilivyolala chali, mtaimbo begani, saruji imeshagandia kwenye viatu vyake.

"Bosi," alisema, "subiri kwanza. Kabla sijapiga picha, nataka kukuuliza kitu."